Jalada jipya, Katiba ya zamani

Bwiza, Jumanne. Mvua imepiga bati tangu alfajiri, barabara ni matope matupu, wateja hawajai mkono mmoja, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu. Wiki tatu nilikuwa nakula bila kusikia ladha. Leo nimepumua.

Jina la Jeanine limo kwenye orodha ya waliofaulu.

Sasa naweza kuandika, maana hadi jana niliona haya. Mimi ni mtu wa fotokopi. Nina meza, kompyuta moja na mashine moja kwenye baraza ya duka la mjomba. Kila konkuru ya kazi za serikali inapotangazwa, wanaotaka kufanya mtihani wananijia kutafuta Katiba, kwa sababu lazima waulizwe Katiba. Kwenye droo huwa naweka nakala moja safi, tunayoiita mama. Mteja akija unamtoa mama, unamlaza kwenye kioo, anazaa. Ndiyo kazi yenyewe.

Mama wangu wa Katiba alikuwa na jalada lililochakaa. Nikasema aa, hii aibu. Nikakaa nikachapa jalada jipya, herufi kubwa, rangi tatu za bendera, plastiki juu. Lilipendeza, wallahi! Mwaka sikuandika. Ndani sikugusa.

Ndani ilikuwa Katiba ya 2005.

Kwa anayesoma haya akiwa mbali: hiyo ilibadilishwa 2018 kwa kura ya maoni. Rais alikuwa anachaguliwa kwa miaka mitano, ikawa saba. Makamu wa rais walikuwa wawili, akabaki mmoja, na waziri mkuu akarudishwa. Haya nayajua hata ukiniamsha usingizini, nilisimama kwenye mstari siku ile nikapiga kura na mimi. Lakini watu wa fotokopi hatusomi. Jicho liko kwenye ukingo wa karatasi, isikatwe, isipinde, wino usififie. Ukiniuliza ukurasa fulani ulisema nini, nitakuambia ulikuwa na doa pembeni.

Jumatano moja, wiki tatu zilizopita, akaja wakili mmoja na Katiba yake, anataka nakala. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Tukawa tunangoja, nikaanza kusoma kwa uvivu tu. Waziri mkuu hapa, waziri mkuu pale. Nikajiuliza, mbona ya kwangu haina waziri mkuu? Nikafungua droo, nikaweka vitabu viwili sambamba.

Mtihani ulikuwa keshokutwa, Ijumaa.

Nilikuwa nimewauzia watu tisa. Wanane ni wa karibu, niliwapigia simu mmoja mmoja, wengine wakacheka, mmoja akanitukana mpaka wazazi wangu. Nilistahili. Wa tisa ni Jeanine, tuliyesoma naye shule ya msingi, na simu yake ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameniambia ataizima asome kwa utulivu. Konkuru ameshashindwa mara mbili, na mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, umri unaoruhusiwa unampita. Na anakaa Gasenyi, huko mwisho wa mji.

Wakili, Mungu ambariki, aliniachia nakala yake. Mafuta hayakuwepo, mabasi yamelala kwenye foleni, kwa hiyo nilitembea. Jua la saa nane linachoma kichwa, Katiba iko kwapani, na njia nzima najitukana kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Mbele kidogo nikapata baiskeli ya kunibeba.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe kwenye ungo, amefumba macho. Anasema kwa sauti, kwa Kifaransa, kwamba rais anachaguliwa kwa miaka mitano. Hakosei hata neno.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, hata maji sijapewa. Akaweka ungo chini taratibu.

"Zainabu. Unataka kuniuwa?"

"Apana, Jeanine. Mi ndiye nimekosa. Nisamehe."

"Mi niliona miaka tano, nikashangaa," akasema. "Kisha nikajiambia, mutu kama mi nitabishana na kitabu?"

Hilo neno liliniuma kuliko matusi yote ya siku ile. Na yeye alipiga kura 2018, alinikumbusha, tena akiwa mjamzito. Alijua. Jalada langu zuri likamfanya ajione mjinga.

Alilia kidogo. Alinipigia kelele sana. Halafu akaleta kalamu nyekundu.

Nilitaka kukichana kile kitabu changu, akaninyang'anya. "Wacha! Kimeshaingia kichwani, hakitoki tena. Heri nijue ni wapi kinakosea." Basi mimi nasoma mpya, yeye anafuata kwenye ya zamani, anafuta, anaandika pembeni. Hata namba za ibara zilikuwa zimesogea. Sheria za kawaida zilizokuwa zinataka theluthi mbili ya wabunge, sasa nusu na kidogo inatosha. Asilimia thelathini ya wanawake, imebaki. Mgawo wa makabila serikalini, umebaki. Akaanza kuuliza na Katiba zilizotangulia: ya enzi za mfalme, ya chama kimoja, ya vyama vingi, ile ya mpito iliyokuja baada ya makubaliano ya amani ya Arusha. Niliyoyajua nilisema, nisiyoyajua tukayapita. Nimeishi nchi hii umri wangu wote na jioni ile ndiyo mara ya kwanza nimeisoma Katiba yake. Nilirudi nyumbani koo limekauka.

Ijumaa saa sita mchana simu ikalia, ni Jeanine. Nilidhani anataka kunilaani vizuri.

Swali kubwa la mtihani lilikuwa hili: eleza Katiba ya 2018 ilibadilisha nini katika ile ya 2005. Jeanine anasema alicheka peke yake, msimamizi akamkazia macho. Aliandika mpaka akaomba karatasi nyingine.

Na mimi, kwa ujinga wangu, furaha ikanipanda nikasema, unaona sasa, kosa langu limekufaa!

"We! Usijisifu," akanikata. "Kosa ni yako, jibu ni yangu."

Nimelifikiria hilo wiki tatu. Ni kweli tupu. Angeulizwa swali lingine, au umeme usingekatika, leo ningekuwa nakwepa njia asinione. Bahati si werevu. Alhamdulillahi, lakini si werevu.

Leo asubuhi akaja mwenyewe. Amelowa chapachapa, viatu mkononi, anapiga kelele tangu kwenye kona. Tulikumbatiana mpaka kiti kikaanguka. Nililia mimi, yeye alicheka. Atakuwa karani, ana meza yake, watoto wake wameshaambiwa na mtaa mzima. Nikamwambia asilipe chochote maishani mwake kwenye baraza hii.

"Basi nipe Katiba moja," akasema. "Mudogo wangu naye atafanya konkuru mwaka kesho."

Nikamtoa mama mpya, nikanakili, nikafunga vizuri, nikampa kwa mikono miwili.

Hakuondoka. Alikaa kwenye kiti changu, akakausha vidole kwenye kitenge, akaanza ukurasa wa kwanza. Anapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo inachezacheza. Mvua ikapungua, wateja watatu wakasimama nyuma yake. Baba mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa akaguna, akauliza huyu mama anatafuta nini na tutangoja mpaka lini.

Nikamwomba avumilie. Jeanine hakuinua hata kichwa, akafungua ukurasa unaofuata.

Nikamwacha akague mpaka mwisho. Ni haki yake.