S ya Jina Lako

Mwalimu Idris,

Nina hasira, na sitaanza kwa salamu. Orodha yako ya maneno ya Kiswidi cha kitaaluma imetoka kama kitabu. Eti wewe si mtungaji wake.

Jalada linasema Idris ordlista, kama ulivyoandika mwenyewe kwenye faili, yaani orodha ya Idris. Chini yake kuna jina la mkuu wa idara, eti ndiye aliyeitunga. Yule yule asiyejua hata kusalimia kwa Kiswidi! Nilimfuata ofisini. Akanijibu kwa upole kwamba alidhani Idris ni jina la orodha tu, kama watu wanavyobatiza programu za kompyuta. Ingekuwa ni mtu, akasema, si ingeongezwa s ya umiliki?

Mwalimu! Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwetu, kwenye Kiswahili, kitu kinachomilikiwa ndicho kinachoamua: kitabu cha, nyumba ya. Waswidi s wanambandika mwenye mali: avhandlingens syfte, lengo la tasnifu. Na jina linaloishia na s haliongezwi nyingine. "Langu lilizaliwa nayo, Neema, siombi ya pili," ulikuwa ukinitania. Unakumbuka ulivyonipima pale kwenye robot, taa za barabarani za Braamfontein, ukinyooshea kidole kila kinachopita? Nikapayuka, "Universitetets buss!", basi la chuo kikuu. Watu wakatugeukia, nawe ukacheka mpaka taa ikawa nyekundu tena.

Hata wewe nimekukasirikia. Ungeandika jina kamili, la baba na la babu, nani angethubutu? Lakini ulikuwa na haya, na wenye haya ndio wanaoliwa.

Ofisi yako amepewa mtu mwingine. Kadi zako za mwandiko wa mkono nilizikuta kwenye pipa la karatasi. Nimezileta kwangu Joubert Park, ziko juu ya kabati.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote: jina langu limo kwenye jalada, la pili, chini ya la mkuu wa idara. Nikinyamaza, mkataba wangu wa kazi hapa idarani unaongezwa. Mama ananiambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu nimeze tu, kazi hazipatikani. Nilimeza siku mbili. Naona aibu kukuambia.

Pumzika, Mwalimu wangu, Mungu akurehemu. Leo asubuhi nimewaandikia idarani walitoe jina langu. Nakuahidi halitarudi pale kabla ya lako, hata wakinifukuza.

Mwanafunzi wako,
Neema