Kitambaa cha Kompyuta

Kikuyu, Ijumaa usiku

Haikuzimika! Tangu adhuhuri hadi magharibi kompyuta imefanya kazi bila kuzimika hata mara moja, na sura ya mwisho ya kitabu changu imekamilika. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nitakufa kabla ya kukimaliza.

Jana nililitoboa sanduku la kompyuta kwa keekee, nyuma na juu, nikafunga feni ya pili. Hata hivyo ilipata moto ikazimika tena. Leo, nilipoona inapumua vizuri, nilimwita mke wangu aje aone kazi ya fundi.

"Fundi gani, Baba Neema? Kitambaa nimekifua. Kile pale kwenye kamba."

Kitambaa! Alikifuma mwenyewe, nasi huifunika kompyuta kama tunavyoifunika redio, ili vumbi lisiingie. Nilitoboa matundu yote yale, kisha nikayafunika mwenyewe kwa kitambaa hicho na kuwasha mtambo.

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, mimi mwalimu ambaye wanafunzi wangu walidhani sina meno kwa kuwa sikucheka kamwe.

Kitambaa kilipokauka, alinitandikia kichwani. "Kaa nacho wewe, ndiwe unayechemka."

Ninaandika nikiwa nacho. Sijakivua, na wala sina haraka.