Niliyeung'oa Ubao wa Mfereji

Kambi ya Mkonge,
Karibu na Kigombe, Tanga.
9 Septemba 1956.

Mpendwa Mjomba Noa,

Shikamoo. U hali gani huko Mombasa, na kile kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima, ila baba hasemi nami, na sababu utaisoma hapa chini.

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Siku moja kabla ya kipaimara changu niliung'oa ubao wa mfereji. Sasa wote wanajua kuwa ni mimi, na wanadhani nililionea huruma kanisa lisinuke. Si kweli, na hiyo ndiyo siri yangu. Wasichana wenzangu wa shule walikuwa wanakuja kutoka mjini, nami sikutaka wajue kwamba kwetu kunanuka maji ya mkonge. Niliona haya tu.

Unaujua ubao ule: ndio unaoyazuia maji machafu ya mashine yasiingie kijitoni, nayo hutuama na kunuka karibu na kanisa. Niliyaachia, nikaenda kupiga pasi gauni langu jeupe.

Jumatatu mbuzi wawili wa maziwa wa Bi Mwanamkasi, yule mjane anayekaa kijito kinakoteremkia, walikunywa wakafa. Hana kitu kingine. Nyapara akamshika Mzee Methusela, mlinzi wa mfereji, akamwambia Jumamosi awe amehama kambini.

Nilimwendea mwinjilisti Abrahamu. Akasema, "Tubu kwa Mungu, Yudith, kimya kimya. Yatosha." Baba akasema nikifungua mdomo tutafukuzwa sote.

Mjomba, nilikataa. Torati inasema aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe wa mwenziwe akatumbukia, mwenye shimo ndiye alipaye. Haisemi aombe kimya kimya. Na Daudi, watu walipokufa kwa tauni kwa kosa lake, alikiri kuwa yeye ndiye mkosaji, akauliza kondoo wale wamefanya nini. Alisema hivyo mbele ya malaika wa maangamizi. Mimi nimwogope nyapara mwenye filimbi? Wala nisiambiwe kwamba ni mtoto. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuung'oa ubao.

Basi Ijumaa asubuhi, watu walipopangwa kugawiwa kazi, nilisimama mbele yao nikasema. Unajua sauti yangu haisikiki hata darasani. Nyapara akacheka, "Kumbe kipaimara kimekupa ulimi! Nenda kasuke nywele." Nikasema tena kwa nguvu, mpaka karani akatoka ofisini kusikiliza. Mzee Methusela hakuhama. Baba ametolewa mashineni, sasa anakata mkonge juani. Hilo nalo ni langu, na silikani.

Kisha nikamfungua yule mbuzi uliyeniachia, ambaye wanawe wangeuzwa kulipa ada yangu ya shule, nikamvuta kwa kamba hadi kwa Bi Mwanamkasi. Akanitazama. "Kumbe ni wewe! Nami nimemwapiza mzee wa watu bure." Akampapasa mbuzi tumbo. "Yuna mimba huyu?"

Nikasema ndiyo.

"Na shule yako?"

Nikasema sijui. Akamfunga kwenye mnazi, akanipa chai kavu, maana maziwa hakuna. Nikaketi nikainywa yote.

Nisalimie Mama Kristina na Timotheo. Bwana akulinde huko relini, akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia kwa ajili ya mbuzi,
Yudith