Mama Émérance, Kitambaa cha Grâce Kimevaliwa

Mwaka umezunguka, Mama Émérance Feza, tangu asubuhi ile ya Mei ulipotutoka hapa Kasongo, ukaacha kitanda chako cha kufumia kimetandwa nyuzi na kitambaa kimefika nusu.

Tuanze na kicheko, kwa sababu hukupenda nyuso zilizonuna. Nani atasahau sufuria zako? Ulichemsha kila kilichoota na kila kilichooza ili uone kitatoa rangi gani kwenye pamba: maganda ya vitunguu, mizizi ya manjano, majani ya mpera. Mafundi wa baiskeli sokoni walikuwekea misumari na minyororo yenye kutu, maana maji ya kutu na majani ya mpera ndiyo yaliyokupa ile rangi yako nyeusi ya moshi. Siku moja shati jeupe la mume wako, Papa Jean-Pierre, liliangukia humo, shati la misa. Hukuomba hata radhi. "Papa Rosine, angalia vizuri," ulimwambia. "Nani mwingine mu Kasongo iko na shati ya rangi hii?" Papa alilivaa mpaka kola ikachanika.

Wanawake waliokimbia vita kutoka Kabambare, ulikozaliwa, uliwapokea. Uliwapa chakula wale na pamba wasokote, na hukuwauliza watakaa hadi lini.

Daftari hukuwa nalo. Mchoro wa kila kitambaa uliupanga kwenye ungo: punje za mahindi kwa mistari ya manjano, maharagi meusi kwa mistari ya moshi, safu baada ya safu, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kitambaa cha mwisho kilikuwa cha Grâce, mjukuu wako, avae siku ya ndoa yake mwezi wa Agosti. Ulimwahidi mbele yetu sote.

Basi Mama, tukiri. Siku ya matanga watu walitafuta nafasi ya viti, ungo ukatolewa nje, ukawekwa chini uani. Kuku wakala mchoro. Mahindi waliyamaliza yote, maharagi wakayachakura hadi kwenye majivu. Rafiki yako Mama Amisa ndiye aliyeona kwanza. Alipiga kelele, kisha akacheka hadi kilemba kikamdondoka, na sisi tukacheka naye huku machozi ya msiba hayajakauka. Utusamehe.

Rosine, binti yako, hakucheka. Miaka ishirini alifuma pembeni yako, lakini nyeupe tupu. Rangi alikuachia wewe kwa woga. Sasa alikuwa na nusu kitambaa, hana mchoro, na ndoa ya mwanawe imebakiza miezi mitatu. Mama mdogo Régina, mdogo wako, alimshauri akate. Kwetu mfumaji hatii mkono kwenye kazi ya mwenzake, hilo linajulikana.

"Ukate pale dada yangu alifikia," alisema. "Grâce atajifunga tu kichwani. Ukiongeza yako, utaiharibisha."

Rosine alichukua mkasi, akakaa nao mapajani mchana kutwa, akashindwa. Kesho yake akaenda kwa Mama Amisa kuuliza kama anaukumbuka mchoro.

"Mutoto wangu, mama yako mwenyewe alikuwa anabadilisha zile mahindi kila siku," Amisa akamjibu. "Unatafuta nini? Tia yako."

Akatia yake. Alichemsha magome aliyoletewa na mdogo wake Joël kwa pikipiki kutoka upande wa Nyangwe. Sufuria ya kwanza ilitoa rangi ya tope, akalia. Ya pili na ya tatu zilififia kwenye maji ya kusuuzia. Ya nne ilitoka nyekundu, nyekundu ya tofali lililoiva, rangi ambayo hata wewe hukuwahi kuipata, na tunajua ingekuuma kidogo! Akaifuma bila ungo, akihesabu kwa vidole, mistari myembamba inayopanuka hadi mwisho.

Asubuhi ya ndoa, mahali ulipoishia mkono wako palionekana waziwazi. Wewe ulikaza nyuzi, Rosine alilegeza kidogo, na hapo hapo wekundu unaanza. Mama mdogo Régina akataka pakunjwe ndani watu wasipaone. Rosine, kwa aibu, alikwisha kuinama kupakunja.

"Hapana, Mama, acha," Grâce akasema, akapageuzia mbele. "Hapa ndiyo Bibi alifikia, na hapa wewe ukapokea. Nataka watu wote waone."

Ndivyo alivyoingia kanisani. Tulipotoka, wanawake walimzunguka, wakashika kitambaa, wakauliza ni nani aliyekifuma. Rosine akafungua kinywa kutaja jina lako kama alivyozoea miaka yote. Akalitaja. Kisha, polepole, akataja na la kwake.

Tunaokukumbuka: mume wako Jean-Pierre, watoto wako Rosine na Joël, mdogo wako Régina, mjukuu wako Grâce na mumewe Serge, na Mama Amisa, ambaye kwetu ni ndugu. Pumzika kwa amani, Mama. Hatutachoka kukukumbuka.