Ushahidi wa Dakika Hamsini

Gisenyi, kwenye njia ya kwenda Rubona,
Ijumaa, 11 Juni 1999

Mpendwa dada Uwamariya,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako huku ziwani. Hujambo? Shemeji Anastase hajambo? Ule mguu wake alioutegua Pasaka umepona, au bado anautumia kukwepa jembe? Gad anaendelea vizuri na masomo? Na wewe mwenyewe, kazi ya hospitali haijakumaliza mgongo? Sisi huku tu wazima, Mungu anatufunika, ila mimi tangu Jumatano sikai kitako. Kwa mistari hii michache nimeshainuka mara mbili kuchungulia barabara. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka kama njia ya Kanama, usidhani nimelewa.

Nakuandikia Kiswahili cha huko kwenu Tabora, kilichopigwa pasi, maana najua ukikuta kosa utanirudishia kwa kalamu nyekundu. Huku tunasema "mutu" na "iko" na maisha yanaendelea. Lakini mimi nimefika Mombasa mara kumi na moja, nimekunywa chai Voi, nimelala Malaba siku tisa nikingoja makaratasi ya forodha, kwa hiyo lugha ninayo. Hata jina la Jack nililopewa na makuli wa Mombasa limenifuata mpaka hapa. Anayeniita Sebahire amebaki mama peke yake, tena akiwa amekasirika.

Bon. Habari kubwa ni kwamba nimeachana na malori. Sasa ni sekretari, nina meza, nina mhuri. Kituo chetu ni nyumba ya vyumba vitatu. Watu wanakuja kuzungumza na mshauri juu ya mambo yaliyowaumiza akili na moyo tangu ile miaka, ambayo huna haja nikusimulie. Mshauri anaitwa Vénantie. Ni mwembamba, mpole, anaweza kusikiliza dakika hamsini bila kumkatiza mtu. Mi hata mbili zinanishinda. Yeye anasikiliza, mi naandika: amekuja nani, saa ngapi, dakika ngapi, tatizo namba ngapi.

Wewe nesi unajua mambo ya mafaili, lakini haya ya kwetu sidhani umeyaona. Wafadhili wetu wako Ulaya na hawalipi mwezi, wanalipa kikao. Kila kikao na karatasi yake, kila karatasi na kidole gumba cha mgonjwa. Tatizo lenyewe haliandikwi kwa maneno, linaandikwa kwa namba, moja hadi tisa, na maana ya namba iko kwenye daftari ambalo Vénantie analifungia kabatini. Karatasi ikikosa kidole, kikao hakikuwepo, hata kama mtu amelia mpaka sakafu ikalowa.

Mwezi wa pili karatasi zao zikaisha. Zilikuwa za Kifaransa, na juu zimeandikwa "Preuve de séance", yaani karatasi ya kuonyesha kikao kimefanyika. Vénantie akataka tungoje nyingine. Nani, mimi ningoje? Nikakaa kwenye mashine ya taipu, nikachapa stensili mwenyewe, mistari imenyooka kama reli ya Voi. Nikasema, hawa wagonjwa wetu ni watu wa Rubona na wa Goma, Kifaransa cha nini? Nikafungua kamusi yangu ile isiyo na jalada: preuve, ushahidi. Nikapiga juu kwa herufi kubwa USHAHIDI WA MGONJWA, na chini yake kwa Kinyarwanda UBUHAMYA, asije mtu akalalamika. Tena nikaongeza karatasi ya kaboni, kila mgonjwa aende na nakala yake nyumbani kama mtu aliyenunua redio. Nilijipongeza wiki nzima. Nilinunua hata koti jeupe la caguwa, yaani mitumba, na watu wakaanza kuniita Dokta. Sikuwakataza.

Donc, hapo ndipo nilipoharibu, dada. Siku hizi, kwenye vilima vyetu, ukisema neno hilo hakuna anayefikiria kituo. Watu wanafikiria mahakama. Wanafikiria magereza yaliyojaa, na nani atamtaja nani. Nami nilikuwa nimewawekesha watu kumi na wawili vidole chini ya neno hilo, nikawapa na nakala waende nayo nyumbani!

Mmoja wao ni Mukabera. Ni mjane, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Anawachukua Rubona asubuhi, anakuja kuwauza sokoni. Anaishi Kanama kwa mkwe wake, bibi mmoja anaitwa Mukandori, na mtoto wa huyo bibi, shemeji yake Mukabera, yuko gerezani anangoja kesi. Alipoanza kuja kwetu alikuwa hawezi hata kumaliza sentensi. Kikao cha nane alitoka chumbani akaniambia koti langu limepungua kifungo. Vénantie alifurahi kwa kile kifungo kuliko mshahara.

Kikao cha tisa hakuja. Cha kumi hakuja. Na wengine nao wakaanza kukatika mmoja mmoja.

"Jack, Mukabera iko wapi?" Vénantie akaniuliza.

"Pengine sambaza zimekuwa mingi. Atakuja tu."

"Na wale kumi na moja? Wote wanauza sambaza?"

Nikaenda kufagia uwanja ambao ulishafagiliwa.

Jumatano hii ndipo tukapata jibu, likaja kwa miguu yake. Bibi Mukandori aliingia getini kashika karatasi iliyokunjwa mara nane, inanuka samaki. Kwenye benchi kulikuwa na watu watano wanangoja zamu, masikio yamesimama.

"Dokta ni nani hapa?"

Nami, mpumbavu, nikanyoosha koti. "Ni mimi, mama. Karibu."

"Bon. Nisomee. Huyu binti-mukwe wangu ametoa ushahidi juu ya nani? Mutoto yangu iko gerezani, anangojea siku yake. Huyu anakula kwangu, analala kwangu, kumbe anakuja kwenu kumuuza?"

"Yewe mama, haiko ushahidi ya ile namna."

"Imeandikwa. Valentin wa kaka yangu alinisomea. Na kidole ni ya Mukabera, hata mi naijua, iko na kovu."

"Ni ushahidi ya dakika, mama. Inasema alikaa hapa dakika makumi tano, basi."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Nikadhani nimeshinda, nikapata nguvu, nikaanza kumwonyesha mstari kwa mstari. Hii tarehe. Hii saa. Hii dakika. Yeye kidole chake kilinitangulia, kikasimama kwenye namba.

"Na hii ine?"

Dada, hapo ulimi wangu ukapiga breki. Ile ine, yaani nne, naijua maana yake. Daftari linafungiwa kabatini, lakini aliyelichapa ni mimi. Ningelisema lile neno, bibi angetulia palepale, maana halihusiani na mahakama hata kidogo. Lakini kabla jua halijatua kilima kizima kingejua Mukabera anaugua nini, na ni jambo ambalo hakumwambia hata mama yake mzazi. Na nisiposema, basi kwa bibi ine ni jina la mtoto wake.

"Munaona?" akawaambia wale wa kwenye benchi. "Dokta amenyamaza. Dokta anajua."

Vénantie alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, ananitazama tu. Nikavua koti, nikaliweka mezani.

"Mama, mi siko dokta. Mi nilikuwa turniboi ya lori. Masomo niliachia darasa la tano. Ile neno ya juu niliitoa mu kamusi, na nilikosea, haikupaswa kuandikwa pale. Na hizi nambari mi ninaandika tu vile naambiwa. Sijui maana yake."

Nilisema kweli nne na uongo mmoja, na ule uongo ndio uliokuwa mzito kubeba.

"Hujui?"

"Sijui, mama. Mi ni mujinga."

"Mujinga na koti?"

"Koti ni ya caguwa."

Benchi lote likacheka, na wewe unanijua, mimi nikichekwa huwa nimepanga mwenyewe. Siku hiyo sikupanga. Miezi minne watu wale wananiamkia "Dokta" toka ng'ambo ya barabara. Bibi hakucheka. Alikunja karatasi yake tena mara nane, akaitia kifuani.

"Nitatafuta mutu mwenye kusoma kweli," akasema, akaondoka.

Vénantie hakunigombeza. Alichukua karatasi zangu zote zilizobaki na wembe, akakaa anakata vichwa vyake, moja moja. Baadaye akaniambia, "Kumbe we unaweza kunyamaza." Basi. Tangu hapo mi natembea. Naenda mpakani, Grande Barrière, naangalia watu wanavuka Goma na vikapu vyao, narudi. Bibi amempata nani wa kumsomea? Amesomewa nini? Na Mukabera analala wapi? Nilitaka kupanda gari niende Kanama mwenyewe, Vénantie akanikataza, akasema nikionekana kule na mdomo wangu nitamaliza kazi niliyoianza.

Jumatatu anakuja mama mmoja wa wafadhili kuhesabu karatasi. Tunazo chache, tena hazina vichwa. Akizikataa, Vénantie hapati kitu kwa miezi miwili aliyosikiliza vilio, na kosa ni langu. Nisaidie, dada: huko hospitalini kwenu mnaweka neno gani? Nimejaribu "uthibitisho", linafanana na polisi. Nimejaribu "hakikisho", wagonjwa watauliza tunahakikisha nini. Nimejaribu "risiti", Vénantie akaniuliza wamenunua nini. Kiswahili kipana hivi, na mi natafuta neno moja la kusema mtu alikuja akakaa, na sina.

Jumamosi, saa saba.

Dada, barua hii niliikatisha jana hapo juu. Leo nimeiandika upya yote toka tarehe, na sababu yake ndiyo hii.

Saa nne asubuhi Mukabera amekuja. Beseni kichwani, amelitua mlangoni, nzi wote wa Rubona wakaingia naye ofisini. Hakunisalimia. Ameingia kwa Vénantie, mlango ukafungwa. Amekaa muda gani sijui, maana kwa mara ya kwanza sikutazama saa. Nilijifanya nina kazi, nikaendelea na barua yako. Alipotoka alisimama mbele ya meza yangu, macho kwenye karatasi.

"Ni mi unaandika?"

Kusoma hajui. Ningeweza kusema hapana.

"Ndiyo," nikasema. "Lakini haiko ya kituo. Ni barua ya dada yangu, iko Tabora."

"Nisomee."

Nikamsomea. Yote, mpaka lile la kujisifu Mombasa. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani. Kwenye maneno ya mkwe wake aliziba mdomo, sijui alicheka au vipi. Nilipofika kwenye ine akasema, "Rudilia." Nikarudia.

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Na huyu dada yako?"

"Naye hapana. Si umesikia?"

Kisha akanieleza kwamba bibi aliipeleka karatasi kwa sista mmoja wa parokia, sista akasoma juu mpaka chini, akamwambia ni makaratasi ya wagonjwa, hakuna jina la mtu. Bibi hajamwomba msamaha wala hamsemeshi, ila usiku hamfungii mlango tena. Kumbe siku zile alikuwa anamfungia nje, dada. Alikuwa analala kwenye kibanda cha mbuzi kwa ajili ya neno langu moja.

Nikaiweka barua mezani.

"Kidole sitii tena," akasema.

"Sawa."

"Hata mukikata kichwa ya karatasi."

"Sawa, mama."

"Na hiyo barua, jina yangu utoe."

"Niweke gani?"

Aliwaza, akiangalia beseni lake. Kisha akasema, "Tia Mukabera. Alikuwa mutu wa kucheka sana."

Sikumuuliza ni nani. Nimegeuza na jina la mkwe wake, na la Valentin pia. Kikao cha leo hakina kidole, kwa hiyo kwa wafadhili hakikuwepo. Vénantie anajua, amesema niache hivyo hivyo, mstari mtupu, na Jumatatu atamweleza mwenyewe yule mama wa wafadhili. Wale kumi na mmoja bado. Nimeinuka tena kutazama barabara, hakuna mtu, ila sasa nakaa dakika nyingi zaidi kabla sijainuka.

Nisalimie shemeji Anastase, na Gad, mwambie mjomba anamtafutia kalamu za rangi. Msalimie shangazi Mukashyaka akifika kutoka Kigoma. Mama anakusalimu sana, na Diane wa jirani, uliyemsuka nywele alipokuwa mdogo, sasa ana mtoto wa kwake. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, na awape wagonjwa wako wodini usingizi usio na maswali.

Kaka yako, anayekupenda toka upande huu wa maji mpaka huko kwenu,

Sebahire

(Dokta nimeacha. Jack bado natumia.)