Wanadhani Nimevimba kwa Kulia

Jumatano, 6 Agosti 2025
Tumemzika mama mkwe leo, hapa Mkula. Machozi yamenitoka, lakini si ya msiba—miaka yote ile ananiita "huyo wa Bariadi"! Ni jino. Gego la chini, lile lililotoboka. Linapwita. Chai ya moto ikiligusa naona nyota. Nimemeza Panadol. Msiba unaisha Jumapili, na mkamwana haondoki mkekani kabla ya hapo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeamka shavu limejaa. Wifi Maximiliana, ambaye hata salamu yangu huwa haitikii, amenikumbatia mbele ya watu. Jamani, mwoneni huyu alivyolia mpaka kavimba! Wali nimeukataa, siwezi kutafuna. Wakasema ni huzuni. Sasa naitwa mtoto wa mayu, binti wa marehemu mama mwenyewe. Nikawaacha waamini hivyo. Nilifurahi, mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
Asubuhi kijipu kwenye ufizi. Nimekisukuma kwa ulimi—kikapasuka! Usaha, chumvichumvi, harufu mbaya. Maumivu yakashuka papo hapo. Nimepona, nikajiambia. (Naandikia chooni. Ndiko pekee ninakoachwa peke yangu.)

Jioni homa. Natetemeka na joto lote hili! Tezi imevimba chini ya taya, inauma nikiigusa. Nimemwambia mume wangu kwamba ni jino, anipeleke hospitali. Dastan akatazama chini. Akasema tukiondoka sasa dada zake watasema nilikuwa naigiza. Nivumilie, Jumapili si mbali.

Jumamosi, 9 Agosti
Mdomo haufunguki. Kijiko hakipiti. Uvimbe umeshuka chini ya kidevu mpaka shingoni. Mate hayamezeki, nayatemea kwenye kanga. Naogopa—hili si la kungoja kesho. Dastan kaenda Lamadi kununua samaki wa kumalizia msiba, simu haipatikani.

Nilimshika Maximiliana mkono, nikajaribu kusema jino. Ikatoka sauti isiyoeleweka. Akanifuta uso, akasema nisijichoshe, wanaelewa wote. Akanisindikiza huku chooni, yuko mlangoni.

Nimeona niandike, nimwonyeshe: JINO. HOSPITALI. SASA HIVI.

Kusimama nashindwa, kichwa kinazunguka. Nimemwita. Nimeita tena, kwa nguvu zote—hata mimi nimesikia kilio tu. Huko nje anawaambia wenzake wasogee pembeni, waniache nimlilie mayu mpaka nimalize. Wanaondoka, nasikia ndala zao