Sahani ya Mama Yenye Alama Nyekundu

Bi Ummkulthum, shikamoo. Kila Jumatatu nakusikiliza redioni nikiwa jikoni, na sikudhani kuna siku nitakuandikia mimi.

Mama yangu ni mtu wa Makunduchi, tangu mwaka jana anakaa nami hapa Mkunazini kwa sababu ya figo, mara tatu kwa wiki nampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, na alipoanza walimpima kila kitu akaonekana hana jingine, lakini mwezi uliopita muuguzi akaniita pembeni akaniambia sasa ana virusi vya homa ya ini B, basi nikaingiwa na hofu kwa wanangu, nikamtengea mama sahani na kikombe, nikavitia alama ya rangi nyekundu ya kucha, sisi tunakula sinia moja yeye anakula peke yake, akaniuliza kulikoni, nikamdanganya kuwa ndivyo wanavyokula wagonjwa wa figo, naye akaitikia tu.

Kubwa ni hili, na nalisema kwa aibu. Alhamisi tumesharudi nyumbani kutoka hospitali, nikawa naongea kwa simu na wifi yangu Tabia, nikamwambia maradhi haya ni ya zinaa, bila shaka marehemu baba ndiye aliyemletea, maana alifanya kazi Muscat miaka mingi na ya huko hatuyajui. Kumbe mama yuko mlangoni. Hakunigombeza. Alisema, "Mbarouk nshamzika miaka tisa, leo wewe unamfukua." Tangu hapo hali chakula, na Jumamosi akakataa kwenda kwenye mashine. "Nshachoka. Nipelekeni kwetu nkafe." Miguu imeanza kuvimba. Nifanyeje, na nikimweleza maradhi yenyewe si ndiyo nitammaliza?

Mwenye majuto, Mkunazini

Marahaba, mwanangu. Nimepiga nambari uliyoacha mara mbili, hukupokea, kwa hiyo nakujibu hapa hapa hewani.

Pole. Hofu ya mzazi naijua. Lakini umekosa, tena pakubwa. Umesema mwenyewe mama alipoanza alipimwa akawa salama, na baba yako ana miaka tisa kaburini. Sasa kamwambukiza lini? Virusi hivi hukaa kwenye damu, na mtu anayesafishwa damu kila wiki anaweza kuvipata huko huko anakotibiwa. Wadai hospitali maelezo, na uwaulize kama wagonjwa wenzake wote wamepimwa. Zinaa umeileta wewe.

Kula pamoja hakuambukizi. Cha kumtengea ni wembe, mkasi wa kucha na mswaki. Wewe na wanao mkapimwe, mchanjwe. Na maradhi mweleze, mwili ni wake. Neno baya kuliko hilo ameshalisikia mlangoni.

Ila hayo yangoje. Leo Jumatatu, hajasafishwa tangu Alhamisi, na miguu inavimba. Zima jiko. Usianze kumbembeleza habari za mashine. Kaa chini mbele yake, mwambie umemsingizia baba yako, umwombe radhi, kisha ita teksi sasa hivi. Akikunyima radhi, mwombe aende na hasira zake hizo hizo. Utaiomba tena kesho, madhali atakuwepo.